Saa ya kanisa inatembea lakini kengele hazilii: anzia juu, ushuke

Kwenye vijiji vya Uingereza saa ya mnara ikisimama, watu hutazama simu zao na kuendelea na shughuli. Ikinyamaza huku akrabu bado zinatembea, hapo ndipo kasisi anapoanza kupigiwa simu. Ninaishi kwenye kijiji kimoja cha Norfolk chenye kanisa la mawe ya gumegume, na kila Jumamosi asubuhi ni mimi ninayepanda ngazi kuitia saa ufunguo. Si fundi wa saa. Nilijifunza ufundi wa mashine Tanga, na huku nilikabidhiwa ufunguo wa mnara na mzee aliyechoka kupanda. Kwa hiyo namwandikia mtu kama mimi, aliyeambiwa, "Kengele hazilii, hebu kaangalie."

Kosa ninaloliona kila mara ni kuanza kuchokonoa mashine. Mtu anafungua kabati la saa, anakuta fremu ya chuma ya miaka mia na zaidi na magurudumu ya shaba, na moyo unamwambia ugonjwa uko hapo. Mara nyingi haupo. Mashine imehifadhiwa ndani ya kabati la mbao, haipati mvua, na aliyeiunda alijua kazi yake. Nyundo, nyaya na viwiko vyake vya chuma vinavyogeuza njia ya waya viko juu kwenye chumba cha kengele, kwenye upepo, ukungu na mavi ya njiwa. Tena vinafanya kazi kupita kiasi. Saa inayopiga wimbo wa Westminster, ule wa saa ya Bunge la London, hugonga mara 4 kwenye robo, 8 kwenye nusu, 12 kwenye kasorobo na 16 saa inapotimia. Hiyo ni 40 kwa saa, 960 kwa siku. Ongeza mapigo ya kuhesabu saa, 78 kwa kila mzunguko wa saa 12, yaani 156 kwa siku. Jumla 1,116 kila siku, 407,340 kwa mwaka. Nyaya zinazovutwa mara zote hizo zitachoka muda mrefu kabla ya gia.

Ndiyo maana mimi huanzia kwenye kengele, nikashuka na waya hadi kwenye saa.

Kabla hujapanda

Kengele za makanisa ya Kiingereza hazining'inii tu. Zimefungwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao na huzungushwa duara zima kwa kamba, na wapigaji wanaweza kuziacha zimesimama kichwa chini, mdomo ukitazama juu. Kengele ya nusu tani ikiwa imesimama hivyo hukaa pale kwa kuegemea kipande kimoja tu cha mti. Ukiigusa kamba au gurudumu inaporomoka, na hakuna mkono wa mtu utakaoizuia. Usiingie kamwe chumba cha kengele kabla kiongozi wa wapigaji hajakuthibitishia kwamba zote zimeshushwa.

Pili, zifunge nyundo za saa kabla ya kupanda. Nyundo inayohesabu saa ina uzito wa kumponda mtu kichwa, na saa haitakungoja umalize. Tatu, usilegeze kamba yoyote yenye kizito, yaani uzito unaoiendesha saa. Vizito vya kuendesha wimbo peke yake vinaweza kufika mamia ya kilo, vinaning'inia ndani ya shimo la mbao pembeni mwa mnara. Vaa barakoa, maana vumbi la mavi ya ndege huharibu mapafu. Rangi ya zamani kwenye fremu inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiikwangue. Ukikuta popo, waache: sheria ya mwaka 1981 inawalinda wao na mapango yao, hata wakiwa wamejipanga kwenye boriti inayokuzuia. Na usipande peke yako.

Kimya kabisa, akrabu zinatembea

Uliza kwanza swali la aibu: wapigaji wa kengele walifanya mazoezi lini? Kwa kuwa kengele zao huzunguka duara zima, nyundo za saa lazima zivutwe kando kabla hawajaanza, la sivyo kengele itaivunja nyundo, au nyundo itaipasua kengele. Kwa hiyo kwenye chumba cha wapigaji kuna wenzo au kamba ya kuziondoa nyundo. Wakimaliza wanatakiwa kuzirudisha. Wakimaliza wana kiu pia, na baa iko ng'ambo ya barabara. Kwetu mazoezi ni Jumatano, na simu nyingi za "saa imekufa" huingia Alhamisi. Rudisha wenzo, umemaliza kazi.

Kama wenzo uko mahali pake, tazama vizito. Saa ya mnara kwa kawaida ina safu tatu za gia zinazojitegemea: moja ya mwendo, moja ya kuhesabu saa, moja ya wimbo wa robo. Kila safu ina kizito chake na pipa lake la kuzungushia kamba. Ya mwendo ikiwa na ufunguo na ya wimbo imeishiwa, utapata saa sahihi isiyo na sauti. Safu ya wimbo ndiyo inayokula nguvu nyingi na ndiyo nzito kuzungusha, basi mtu akichoka Jumamosi huiacha nusu. Mahali palipofungwa mota ya kutia ufunguo, umeme ukikatika au swichi ya kikomo ikikwama huzaa dalili hiyohiyo.

Kisha kifaa cha usiku. Siku hizi saa nyingi zina kitu cha kuzishikilia nyundo wakati watu wamelala, na kina ratiba yake. Hapa nakiri kosa langu. Kasisi aliniambia wimbo unyamaze kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Yeye alisema kwa Kiingereza, eleven na seven, lakini kichwani mwangu ilikwishakuwa tano na moja, na vidole vikafuata kichwa: kunyamaza 05:00, kufungua 01:00. Saa ikanyamaza mchana kutwa, ikapiga kwa nguvu zake zote kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kama na wewe unahesabu saa za Kiswahili, kwenye daftari la mnara andika idadi ya mapigo, wala usiandike jina la saa. Kengele ikigonga mara saba, kwao ni seven, kwetu ni saa moja, na nyundo haijui lugha.

Ukishayatazama hayo matatu, simama kando ya mashine usikilize. Dakika chache kabla ya saa kutimia utasikia mlio mdogo wa chuma, *tak*, na gurudumu litasogea kidogo kisha likasimama. Saa inajiandaa. Mlio huo unaugawa uchunguzi sehemu mbili. Usipousikia, tatizo liko kwenye mkono unaoinuliwa na safu ya mwendo: umepinda, umelegea kwenye ekseli yake, au umegandishwa na mafuta ya zamani. Ukiusikia lakini dakika ikifika hakuna kinachotokea, mkono ulifanya kazi na safu ya kupiga ndiyo imeshindwa kutembea. Jaribu kuligusa pangaboi, lile feni la mabati linalopunguza mwendo. Lisukume taratibu kwa kidole. Likienda na wimbo ukaanza kwa uvivu, nguvu inapotelea mahali: kwenye ekseli kavu, kwenye kapi lililoshika kutu, au huko juu kwenye kiwiko cha waya. Lisipokwenda kabisa, usilazimishe. Kuna kitu kimezuia. Mara moja nilikuta kijiti cha kiota kati ya waya na ukingo wa tundu la sakafuni. Kunguru wadogo wa huku hudondosha vijiti kwa ndoo.

Sauti imebadilika: dhaifu, imefifia, au inagonga mara mbili

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu kengele wakidhani wanatengeneza saa.

Nyundo nzuri hailali juu ya kengele. Inainuliwa na waya, inaachiwa, inaanguka, inagonga, kisha springi inairudisha nyuma ikae milimita chache mbali na chuma. Kipimo changu ni sarafu mbili za pauni moja zikiwa zimebebana: kila moja ina unene wa milimita 2.8, na zote mbili zipite kati ya nyundo na kengele bila kukwaruza. Kwenye kengele kubwa acha nafasi zaidi.

Nafasi ikipotea, nyundo inagonga na kubaki imegusa. Sauti inakatika papo hapo, *dup*, kama mtu aliyebandika kiganja kwenye sinia linalolia. Springi imechoka au bolti yake imelegea. Springi ikiwa dhaifu kiasi, nyundo inagonga, inaruka, inagonga tena kwa chini, na kutoka uani kwa kanisa utasikia mapigo yenye kigugumizi. Watu wakiniambia saa imepiga kumi na tatu, naanza na springi kabla ya kutazama gia za kuhesabia.

Nafasi ikizidi, au waya ukilegea, sauti inakuwa dhaifu lakini safi. Nyundo haiinuliwi vya kutosha kwa sababu sehemu ya kwanza ya mvuto inatumika kukaza ulegevu. Kuna skrubu ya kurekebishia karibu na kila nyundo au karibu na mashine. Kaza nusu mzunguko, sikiliza, kaza tena. Usikaze mpaka waya ulie kama uzi wa gitaa: mkono wa mashine unaovuta waya ukiwa umetulia, lazima waya ubaki na ulegevu kidogo, la sivyo utaikamata nyundo angani kabla haijafika kwenye kengele.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu majira yakibadilika. Chuma hunywea kwa baridi. Waya wa mita 15, joto likishuka nyuzi 20, hupungua kama milimita 3.6. Mawe ya mnara nayo hunywea, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini linganisha na nafasi ya milimita tano na nusu niliyokutajia. Waya uliorekebishwa Julai kwa ustadi wote unaweza kuwa mfupi mno Januari. Kijijini watasema saa haipendi baridi. Mimi husogeza skrubu robo mzunguko mwezi Novemba na kuirudisha Mei, nikiandika daftarini kila mara.

Ikiwa nafasi ni sawa na waya ni sawa, shika nyundo kwa mkono (saa ikiwa imezuiwa isiivute, tafadhali) uiinue. Ianguke yenyewe kwa uzito wake bila kusitasita. Ikisita, pini yake imekauka au imejaa kutu. Safisha, tia mafuta. Fanya hivyo kwa kila kiwiko cha chuma kinachogeuza njia ya waya, maana kila kimoja hunyakua sehemu ya nguvu, na vikiwa vitatu au vinne vyenye kutu hakuna kinachofika juu. Tazama pia uso wa nyundo. Ukiwa umebonyea na kuwa bapa, hugonga eneo pana na sauti inakosa ung'avu. Na igonge sehemu nene ya kengele karibu na mdomo. Ikigonga ukingo wenyewe inamega.

Kuna jambo ambalo halihusu mashine wala nyundo: madirisha. Chumba cha kengele kina mbao za mlalo zinazopitisha sauti. Mtu akiziba kwa bodi ili njiwa wasiingie, mnara unakuwa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Wavu unatosha.

Sauti ikiwa na mkwaruzo, kama sufuria yenye ufa, simamisha kila kitu. Shaba ya kengele ni mchanganyiko wa shaba nyekundu kama asilimia 77 na bati asilimia 23, na mchanganyiko huo unalia vizuri kwa sababu ni mgumu, na unapasuka kwa sababu hiyohiyo. Hata Big Ben, kengele kubwa ya saa ya Bunge la London, tani 13.7, ilianza kupiga saa Julai 1859 na Septemba mwaka huohuo ikawa na ufa. Nyundo ilikuwa nzito mno. Kwa miaka minne saa zilihesabiwa kwenye kengele nyingine. Baadaye wakaigeuza ili igongwe mahali pazima, wakafunga nyundo nyepesi, na hadi leo inalia na ufa wake. Kwa hiyo sauti ikiwa ndogo, usifikirie kuongeza uzito wa nyundo. Tafuta nguvu inapotelea.

Wimbo umevurugika

Wimbo huu ulitungwa Cambridge, kwa kanisa la St Mary the Great, mwaka 1793 na 1794, ndipo ukaenda kwenye saa ya Bunge la London na kutoka huko ukasambaa dunia nzima hadi kwenye saa za ukutani za sebule zetu. Una vifungu vitano, kila kimoja sauti nne. Robo hupiga kifungu cha 1. Nusu, cha 2 na 3. Kasorobo, cha 4, 5 na 1. Saa ikitimia, cha 2, 3, 4 na 5. Kwa saa nzima kila kifungu hupigwa mara mbili, kwa hiyo pipa lenye vijino vya wimbo huzunguka mara mbili tu kwa saa.

Huhitaji kujua muziki. Jua alama mbili: kwenye robo unasikia sauti nne zikishuka ngazi, ya mwisho ikitua chini kabisa, na saa ikitimia, kifungu cha mwisho kinaanza chini kabisa na kuishia sauti ya pili kutoka chini, kama mtu aliyefika nyumbani.

Sauti moja ikikosekana kila mahali inapotakiwa, waya wa nyundo hiyo umekatika au nyundo yake imebaki kando baada ya mazoezi. Hiyo ni rahisi. Iliyonisumbua majuma matatu ni sauti iliyokosekana kwenye kasorobo na saa kamili tu, huku robo na nusu zikiwa timamu. Jibu liko ndani ya wimbo wenyewe. Kifungu cha 4 kinaishia kwenye kengele nzito kuliko zote nne, na cha 5 kinaanza na kengele ileile. Kwenye kasorobo na saa kamili tu ndipo vifungu hivyo hufuatana, kwa hiyo ni hapo tu kengele hiyo hugongwa mara mbili mfululizo. Nyundo nzito yenye pini kavu haiwahi kurudi mahali pake kabla ya kuvutwa tena. Kwenye minara mingine waundaji walifunga nyundo mbili kwa kengele hiyo moja kwa sababu hiyohiyo. Kwetu iko moja. Niliisafisha pini, ikawahi.

Mpangilio ukiwa mbaya, tofautisha aina mbili. Ukisikia kwenye robo wimbo kamili na mzuri wa nusu, basi hesabu imeruka hatua moja: safu ya wimbo iliachiwa mara moja zaidi, labda na mtu aliyekuwa akichezea mkono. Iachie kwa mkono, ukiacha kila wimbo uishe, hadi ule wa vifungu vinne uangukie saa kamili. Lakini ukisikia idadi sahihi ya sauti na vifungu visivyo vyake, hesabu ni nzima, pipa ndilo limekaa vibaya dhidi ya gurudumu la kuhesabia. Kuna mtu aliifungua saa na kuirudisha jino moja au mawili kando. Hiyo mwite fundi wa saa za minara, si kazi ya Jumamosi.

Makanisa mengi ya vijijini hayana kengele za kutosha kwa wimbo huu. Yana kengele mbili tu za robo, *ding-dong*, na yenye hizo yana matatizo machache sana.

Idadi ya saa si sahihi

Saa za zamani huhesabu kwa gurudumu lenye mikato kwenye ukingo: mkato, kisha nafasi ya pigo moja, mkato, nafasi ya mawili, hadi kumi na mbili. Gurudumu hilo halijui akrabu ziko wapi. Linapiga linalofuata, basi. Safu ya kupiga ikiishiwa ufunguo usiku na safu ya mwendo ikaendelea, asubuhi utakuta saa inaonyesha tisa na kupiga tano. Hakuna kilichoharibika. Inua mkono wa kuachia, iache ipige sita, saba, nane, tisa. Wajulishe majirani kabla.

Saa nyingine hutumia bamba lenye ngazi kama konokono na msumeno unaodondokea juu yake, na hizo hupiga sawasawa na akrabu hata ukizisimamisha. Zikikosea, msumeno umekwama kwa grisi au mkia wake umepinda.

Makosa mengi ya hesabu huzaliwa Jumapili mbili za mwaka: ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, saa zinapobadilishwa. Machi sogeza akrabu mbele, ukisimama kila robo mpaka wimbo uishe. Oktoba usirudishe akrabu nyuma hata kwa dakika kumi. Mikono ya kuachia imeundwa kuinuliwa upande mmoja. Simamisha pendulamu, kaa kwenye ngazi na chupa ya chai kwa saa moja, kisha iachie.

Inakimbia, inajikokota, au haikomi

Mapigo yakikimbilia kama mvua ya mawe, pangaboi limelegea kwenye ekseli yake na halishiki hewa. Lakini usilikaze moja kwa moja na ekseli. Limefungwa ili liweze kuteleza kidogo safu inaposimama ghafla. Likigandamana, mshtuko wote unakwenda kwenye meno ya gia, na jino likivunjika hulipati dukani.

Ikijikokota, ni mafuta. Mafuta ya zamani yamekuwa gundi, au mtu mwenye nia njema amepulizia kopo la gereji kila mahali. Tia tone moja kwenye kila tundu la ekseli, mafuta ya saa yanayouzwa kwa kazi hiyo. Meno ya gia yaache makavu. Mafuta kwenye meno hukusanya vumbi na kuwa msasa, na msasa unaozunguka miaka ishirini hula shaba.

Isipokoma, funga nyundo kwanza, maswali baadaye. Mkono wa kufungia hauangukii mkatoni: umekauka, umepinda, au pini imechomoka. Ukiiacha, itapiga mpaka kizito kifike chini.

Ilinyamaza zamani, tunataka irudi

Kama wimbo haujasikika miaka mingi, usianze kwa bisibisi. Anza kwa kalamu. Kanisa la Uingereza lina utaratibu wake wa vibali: matengenezo ya kawaida yako kwenye Orodha A na hayahitaji ruhusa, mengine kwenye Orodha B yanahitaji barua ya shemasi mkuu, na kazi kubwa inahitaji kibali cha mahakama ya dayosisi. Kila dayosisi ina kamati ya ushauri, na huko utampata mshauri wa saa atakayepanda nawe mnarani. Sikiliza anachosema kuhusu kubadilisha safu za gia kwa mota. Mara nyingi atakuambia uache chuma cha zamani mahali pake, naye yuko sahihi.

Piga picha kila kitu kabla ya kugusa nati ya kwanza, hasa namna kila waya unavyopita. Vipande vilivyoondolewa zamani mara nyingi havikwenda mbali: tafuta chini ya ngazi, nyuma ya kinanda cha kanisa, kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi. Nyundo yetu ya pili ilikuwa inazuia mlango wa stoo usifungwe. Usizing'arishe. Mafundi wa zamani walikwaruza majina yao na tarehe kwenye shaba na kwenye milango ya kabati, na brasso hufuta yote kwa dakika tano.

Halafu majirani. Aliyenunua nyumba mkabala na kanisa lililo kimya alinunua na ukimya wake, na halmashauri ina mamlaka chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1990 kushughulikia kelele. Sisi tuliweka karatasi kwenye kila mlango: tutajaribu siku hii, kuanzia muda huu, na usiku nyundo zitafungwa. Walionung'unika ni wawili. Mmoja wao sasa hunipigia simu Alhamisi kuniambia wapigaji wamesahau wenzo tena.

Siku ya kujaribu, usisimame karibu na mashine. Mwache mwenzako juu, wewe nenda makaburini nje kabla ya saa sita mchana, mgongo ukielekea upepo. Sikiliza kifungu cha 2, cha 3, kisha hesabu: sauti ya mwisho ya kifungu cha 4 ni ya 12, ya kwanza ya kifungu cha 5 ni ya 13, zote kengele moja. Zikilia zote mbili zikiwa zimeachana vizuri, ngoja mapigo kumi na mawili, mpungie mkono mwenzako ashuke, na mwambie alete daftari.